Pini

Saa moja asubuhi Monga ananiita Ruashi,
nyuma ya depo ya makala.
"Fundi, remorki imegoma. Gari linavuta,
yenyewe inaburuta miguu kama mbuzi wa sokoni."
Kweli: mifereji miwili imechimbwa kwenye udongo mwekundu,
hatua kumi hivi, kisha gari likakata tamaa.

Juu ya remorki kuna kinu cha kusaga mahindi,
cha kijani, kimekazwa kwa kamba za mpira,
unga wa zamani umeganda mdomoni mwake.
Mnunuzi yuko Likasi. Arabuni imeshaliwa.
Sikuuliza kinu ni cha nani. Mimi huulizwa breki.

Breki za umeme, namwambia Kabwit,
anayejifunza kazi na kushika tochi kama mshumaa,
hazina uchawi. Ndani ya kila ngoma kuna sumaku.
Umeme ukija, sumaku inaling'ang'ania chuma,
inasukuma mkono, mkono unatanua viatu viwili
mpaka vikanyage ukuta.
Umeme ukiondoka, springi inarudisha kila kitu kwake.
Kwa hiyo swali ni moja:
nani bado analeta umeme?

Nachomoa plagi ya gari. Monga anasukuma kwa bega,
mishipa ya shingo imemtoka.
Haiendi.
Basi gari halina kesi.

Napiga jeki upande wa kushoto, nagonga ngoma kwa nyundo.
Kutu inadondoka, gurudumu halijali.
Huenda ni springi iliyokatika, huenda kutu imeoa chuma.
Natoa dira yangu, ndogo, kioo kimepasuka,
naisogeza taratibu nyuma ya gurudumu.
Sindano inaisahau kaskazini.
"Iko hai," ananong'ona Kabwit.
Hai, na haijaunganishwa na kitu. Anayeilisha yumo humu humu.

Shingoni mwa remorki kuna kisanduku cheusi,
betri ya ukubwa wa nusu tofali, akiba ya siku ya balaa:
remorki ikichomoka mlimani, kamba inavuta pini,
pini ikitoka, betri inamwaga umeme wote kwenye breki,
na mzigo unasimama peke yake, bila dereva.
Naitafuta kamba: haipo.
Naitafuta pini: tundu tupu,
la kutosha kidole cha mtoto.

Ndipo ninapomwona, kwenye ngazi ya jikoni.
Sare ya shule, kiatu kimoja, miaka tisa labda.
Anakula bukari ya jana kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia umefungwa ngumi juu ya paja,
na kati ya vidole inachungulia kamba ya chuma.

Ubavuni mwa kinu nafuta vumbi kwa kiganja.
Mtu aliandika kwa rangi nyekundu, herufi zimepinda:
MAMA MWADI. HAKUNA MKOPO.

Naijua betri ya aina hii. Ni kuukuu, itafika adhuhuri,
kisha sumaku zitaachia zenyewe,
bila fundi, bila ruhusa ya mtu.
Naweza pia kukata waya wa bluu. Koleo iko mfukoni.

"Umeona ugonjwa?" Monga anauliza.
Kabwit ananitazama. Naye ameuona ule mkono wa kushoto.
"Nimeona. Kipuri chake sina.
Kiko humu humu nyumbani."

Anayafuata macho yangu mpaka kwenye ngazi.
Namsubiri apige kelele; hapigi.
Anavua kofia, anaenda, anakaa ngazi moja chini ya bintiye,
anamega tonge kwenye sahani yake, hali,
analiviringisha tu, analiviringisha.

Tunashusha jeki. Tunakusanya spana moja moja,
polepole kuliko inavyohitajika.
Dira nilikuwa nimeisahau kwenye ekseli.
Sindano bado inaliangalia gurudumu,
na ndiyo kwanza saa tatu.